Bonyeza rekodi kabla hujahama chaneli

Kama king'amuzi chako kina diski ya kurekodi, jua kwamba kwa kawaida tangu unapofungua chaneli kinaandika kila kitu, hata kama hujagusa kitufe. Ndiyo maana unaweza kurudisha nyuma bao la Gor Mahia ukitoka jikoni kugeuza samaki. Lakini hiyo ni akiba ya muda tu. Nafasi yake imepimwa, pengine nusu saa, pengine zaidi, kutegemea mashine. Ikijaa, dakika mpya zinafuta zile kongwe. Na ukihama chaneli, mara nyingi yote hufutika papo hapo.

Kwa hiyo mtoto akililia katuni katikati ya mechi, usimpe rimoti kwanza. Bonyeza rekodi. Mashine kadhaa huhifadhi na ile sehemu iliyokwisha kupita, nyingine huanzia pale ulipobonyeza. Ijaribu yako leo wakati wa taarifa ya habari, usingoje siku ya Mashemeji, Gor na AFC Leopards.

Huku kwetu Kondele, Kisumu, stima ikipotea, hata kwa sekunde chache, akiba hiyo kwa kawaida imekwenda. Changu nimekiunganisha na betri ya sola, basi.

Wanaotumia flashi badala ya diski: chukueni yenye kasi, GB 32 hivi. Saa 1 ya kipindi cha picha ya kawaida, isiyo HD, hula kama GB 1 au 2. Tena king'amuzi huenda kikataka kuifomati kwanza, yaani kufuta vyote vilivyomo, kwa hiyo hamisha picha za harusi kabla hujaichomeka.