Fuata mzigo mmoja kabla ya kununua mfumo
Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mwenye stoo zaidi ya moja, anayejiuliza kama sasa anahitaji mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha stoo, mauzo na uhasibu, achukue mzigo mmoja uliokwisha kuuzwa, aufuate kutoka mizani hadi malipo, na ahesabu uzito wake umeandikwa upya mara ngapi. Akiukuta kwenye daftari la stoo, ankara na faili la mhasibu, tena kwa tarakimu zisizolingana, wakati umefika, kwa kuwa katika mfumo huo taarifa huingizwa mara moja na kila idara huisoma ileile. Jaribio hili halifai pale ambapo magunia hukadiriwa kwa macho yanapopokewa. Huko tatizo ni upimaji, nao hurekebishwa kwanza.