Jinsi ya kuendesha mtandao wa AMCOS bila wanachama kugeuka watazamaji

Ngoja nianze na aibu yetu wenyewe. Kuna mwaka mkutano mkuu wa AMCOS yetu, yaani chama cha msingi cha wakulima kuuza mazao pamoja, sisi ni korosho, huku Newala mkoani Mtwara uliandikwa saa tatu asubuhi, tukaanza saa sita na nusu, mwenyekiti akasoma mapato na matumizi kama anasoma risala ya mwenge, akauliza "wanaokubali?", mikono juu, watu hao kwenye pilau. Swali hata moja hamna. Ila ukikaa kijiweni kwa fundi baiskeli jioni yake unayasikia yote, mbona makato yamepanda, lile gari lililobeba korosho lilikuwa la nani, kwa nini fulani kalipwa kabla yangu. Yani watu wanaongea sana tu, shida wanaongelea sehemu ambayo hamna anayeandika.

Sasa kama una AMCOS, au vyama vinne vitano jirani mnataka kushirikiana kwenye mafunzo, usafiri na pembejeo (huo ndo mtandao ninaousema), anzeni hapo kwenye kuandika, mambo ya katiba na nembo mtayakuta mbele.

Wiki mbili kabla ya mkutano gaweni watu kwa vitongoji. Watu 15 au 20 wanakaa barazani kwa mtu, mjumbe mmoja wa bodi anakuja na karatasi moja yenye mambo matatu, sio kumi na tatu. Awepo kijana wa kuandika maswali kwenye daftari kama yalivyosemwa, asiyapambe. Mzee akisema "mnatuibia" andika "mnatuibia", usiandike "mwanachama aliomba ufafanuzi".

Na hapo barazani jambo la kwanza ni makato. Mnajua mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyoanza huku Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima anakabidhi mzigo anabaki na karatasi, hela inakuja baadae baada ya mnada, kwa hiyo chama kinaishi kwa kuaminiwa tu, mtu akishaona yuko gizani anampelekea mtu wa kangomba, yule mnunuzi wa magendo, usiku na huwezi kumlaumu sana. Basi msimwandikie "makato kwa mujibu wa taratibu". Tuseme mama ana kilo 400, bei ya mnadani 3,000, hiyo ni 1,200,000. Kila kato lipewe mstari wake, la halmashauri, la chama, la union (chama kikuu kilicho juu ya AMCOS), la ghala, usafiri, magunia, kila moja kwa kilo halafu kwa kilo zake 400. Shilingi 20 kwa kilo inaonekana ya pipi, kwake ni 8,000, na chama kikiuza tani 500 ni milioni 10. Mtu akiiona hiyo milioni 10 kwa macho yake ndo ataanza kuuliza imefanya nini, na ndo tunachotaka. Karatasi hiyo hiyo ibandikwe ukutani ghalani, kwa maandishi makubwa, sio ile ya printa iliyoishiwa wino.

Tarehe. Msiweke mkutano mkubwa msimu umepamba moto Oktoba Novemba, watu wako chini ya mikorosho wanaokota. Mvua kubwa nayo hapana, barabara za huku mnazijua. Agosti mpaka mwanzo wa Septemba panafaa, salfa, ile dawa ya mikorosho, watu wameshapiga, kuokota bado. Na Ijumaa msijaribu, mtamaliza nusu kabla ya swala na nusu hairudi.

Wanawake nao. Kwenye mashamba mengi mama ndo anaokota, anabangua ya kula, anaanika, ila shamba limeandikwa jina la baba kwa hiyo mwanachama ni baba. Mkutanoni mama anakuja kupika. Sisi tulikubaliana familia ikigawana mikorosho, hata miti kumi, mke aandikishwe kwa jina lake alipe kiingilio na hisa zake. Kama masharti ya chama chenu hayaruhusu yabadilisheni kwenye mkutano mkuu halafu yapelekwe kwa Mrajis, yule msajili wa vyama vya ushirika, ayapitishe, bila hivyo ni maneno tu. Tena kwenye vikao vya barazani wapeni wao kuuliza kwanza, mkianza na wazee wa kiume hadi jioni hamjawafikia.

Uchaguzi uwe wa siri jamani. Kunyoosha mkono mbele ya mtu aliyekukopesha viuatilifu sio kura. Siku moja tukajifanya wajanja, kila mtu apewe korosho moja akaitumbukize kwenye ndoo ya mgombea nyuma ya pazia la khanga. Kuhesabu tukakuta korosho nyingi kuliko watu. Huku nani hana korosho mfukoni? Tukarudia kwa karatasi zenye muhuri mpaka magharibi, pilau likapoa.

Haya, sasa mtandao wenyewe wa vyama. Hapa ndo pagumu. Kwenye chama cha msingi ni rahisi, mwanachama mmoja kura moja, uwe na mikorosho 30 au 3,000. Kanuni za ushirika za kimataifa za 1995 ndo zinavyosema, ila kwa ngazi za juu zinasema tu ziendeshwe kidemokrasia, hazikupi hesabu. Kwa hiyo mtabishana. Chama kikubwa kitasema sisi tunaleta tani nyingi tupewe kura nyingi, kidogo kitasema basi tubaki nyumbani. Mi naona kila chama kiwe na wawakilishi wawili sawa sawa, mmoja mwanamke, halafu chenye wanachama wengi sana kiongezewe mmoja, basi, na hesabu iwe ya vichwa. Mkihesabu tani mmeshageuka kampuni. Uenyekiti uzunguke mwaka mwaka, na kikao kizunguke vijijini, kikikaa mjini Masasi kila mara mtashangaa nauli na posho zimekula bajeti yote. Muwaeleze pia mapema union yenu, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, na afisa ushirika wa wilaya, wasije wakadhani mnaunda union ya pembeni. Mkitaka kisajiliwe kama chama cha ngazi ya juu hiyo ni Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mnapita Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mkitaka kushirikiana tu gari na mafunzo, makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa na bodi zote yanatosha kuanzia.

Mwakilishi asiende na kichwa chake. Aende na karatasi yenye msimamo wa chama kwa kila ajenda, na akibadilisha mawazo huko arudi aseme kwa nini. Ndani ya siku saba awe ameshaeleza kwenye ubao wa matangazo na barazani. Asiporudisha taarifa mara mbili mfululizo anabadilishwa, iandikwe hivyo kabisa, maana huku tunaoneana haya, ni shemeji, ni mjomba, tukikaa hamna anayemtoa.

Grupu la WhatsApp fungueni ila msilitegemee, wengi wana simu za kitochi, na voisi ya dakika nane ya mwenyekiti nani anasikiliza. Matangazo yawe meseji ya kawaida, moja, fupi. Grupu la bodi liwe mbali na la wanachama, na mambo ya hela yasiamuliwe humo.

Taarifa ya mkaguzi, iwe ya COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, au nyingine, isomwe na mtu asiye wa bodi. Tulimpa binti mmoja wa fomu sita akasoma pole pole kwa Kiswahili cha mtaani, akifika kwenye hoja ya ukaguzi anasimama anauliza "hapa tumeelewa?". Ilichukua saa mbili na nusu, wapishi wakalalamika.

Lile daftari la maswali lisifungiwe kabatini kwa katibu. Mkutano unaofuata uanze nalo kabla hata ya kusoma muhtasari, swali, jibu, swali, jibu, lisilojibiwa linawekwa alama nyekundu na jina la wa kulijibu. Letu sasa hivi lina alama nyekundu nne, na mojawapo ni lile la gari.