Kupima athari za marufuku ya mifuko ya plastiki Kenya, hatua kwa hatua

Kenya ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania Bara ilifuata 1 Juni 2019. Katikati hapo tuna nchi mbili jirani, moja yenye marufuku na nyingine bila, hivyo tunaweza kutumia mbinu ya tofauti ya tofauti (difference-in-differences), yaani kutoa mabadiliko ya nchi isiyo na marufuku kwenye mabadiliko ya nchi yenye marufuku. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu hukosea kwenye tarehe na kwenye kundi la kulinganisha.

1. Chagua kipimo. Tumia kilo za mifuko ya polithini zilizoingizwa, msimbo wa forodha 3923.21. Usitumie thamani, kwani bei na shilingi hubadilika. Takwimu ziwe za kila mwezi. Za mwaka huchanganya kabla na baada ndani ya 2017. Kwa kuwa Kenya ilikuwa na viwanda vyake vya mifuko, chukua pia malighafi, msimbo 3901. Usitarajie sifuri: vifungashio vya viwandani viliruhusiwa.

2. Panga tarehe. Tangazo lilitolewa 28 Februari 2017, miezi sita kabla. Ndani ya miezi hiyo wapo wanaolimbikiza na wapo wanaokata oda, kwa hiyo ondoa Machi hadi Agosti 2017. Upande wa mwisho ishia Machi 2019, maana Tanzania ilitangaza katazo lake Aprili.

3. Chora grafu kwanza, kuanzia Januari 2014. Kama mistari ya nchi hizi haikwenda sambamba kabla ya Machi 2017, simama hapo.

4. Piga hesabu. Kwa namba za mazoezi tu: Kenya imetoka tani 400 hadi 120, Tanzania 300 hadi 330. Athari ni (120 − 400) − (330 − 300) = −310.

5. Jihadhari na mambo mawili. Marufuku ilianza wiki tatu baada ya uchaguzi wa 8 Agosti. Tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa, uchaguzi ukarudiwa 26 Oktoba. Biashara nyingi zilitikisika, na hesabu ya hatua ya 4 huubebesha mfuko mzigo wa siasa. La pili ni zito zaidi: viwanda vya Kenya vilikuwa vikiuza mifuko nje, hivyo kufungwa kwavyo kunagusa takwimu za Tanzania pia.

La kwanza lina dawa: ongeza bidhaa ya plastiki isiyokatazwa, mfano vyombo vya nyumbani, 3924. Katika R (programu ya takwimu), kwa kifurushi cha fixest:

`fepois(kilo ~ marufuku | nchi^bidhaa + nchi^mwezi + bidhaa^mwezi, data = d)`

`marufuku` ni 1 kwa mifuko ya Kenya kuanzia Septemba 2017, na 0 kwingine kote. `mwezi` uandikwe 2017-09, si 9. Ukiandika 9, Septemba za miaka yote zinakuwa kitu kimoja. Tumetumia `fepois` (regresheni ya Poisson) kwa sababu kuchukua logi (logarithm) ya kilo hutupa miezi yenye sifuri. Kwa la pili, rudia bila mifuko ya Tanzania iliyotoka Kenya. Jibu likihama sana, toa majibu yote mawili.

6. Usiamini kosa sanifu (standard error, kipimo cha mashaka ya makadirio) la nchi mbili. Ni chache mno. Badala yake jifanye marufuku ilikuwa Agosti 2015, ukitumia data za kabla ya Machi 2017 pekee, kisha jaribu bidhaa nyingine ishirini ambazo hazikukatazwa. Athari ya mfuko ikichanganyika na hizo za bandia, huna matokeo.

7. Uchumi. Kushuka kwa 3923.21 hakuonyeshi ajira wala gharama. Pima mifuko ya karatasi, 4819.40, kwa njia hiyohiyo. Idadi ya wafanyakazi itafute kwenye takwimu za viwanda, ukitenganisha watengeneza mifuko na watengeneza plastiki nyingine. Magendo ya mpakani hayamo forodhani, kwa hiyo kupungua kwa matumizi huenda kukawa kudogo kuliko unavyoona.