Kujiunga na jeshi la hiari la jimbo nchini Marekani: mambo ya kuweka sawa kabla ya kiapo

Jeshi la ulinzi la jimbo si National Guard, yaani jeshi la akiba la majimbo ambalo serikali ya taifa inaweza kuliita. Liko chini ya gavana, na sheria ya shirikisho, juzuu la 32, kifungu cha 109, inakataza lisiitwe kuingizwa katika majeshi ya taifa. Si kila jimbo lina jeshi hili. Texas, California, New York, Virginia, Georgia na Tennessee wanalo. Florida ilifufua la kwake mwaka 2022. Kazi yake kubwa ni maafa: mafuriko, vimbunga, kuhudumia makazi ya muda, kugawa maji, mawasiliano ya redio. Anayekuja kwa hamu ya bunduki atavunjika moyo mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa bila silaha.

Kwanza hakikisha kikosi ni cha serikali. Anzia kwenye tovuti ya idara ya kijeshi ya jimbo lako, kisha fuata kiungo cha uandikishaji kutoka humo humo. Vikundi binafsi vinavyojiita wanamgambo huvaa sare zinazoweza kukuchanganya, lakini havina idhini ya gavana, na majimbo yote 50 yana sheria zinazozuia majeshi binafsi ya namna hiyo.

Umri wa kuanzia kwa kawaida ni miaka 18, ingawa yapo majimbo yanayopokea wa miaka 17 kwa ridhaa ya mzazi. Kuhusu uraia, soma masharti ya jimbo lako: kwingine mkazi wa kudumu anakubaliwa, kwingine hakubaliwi. Sharti moja halibadiliki popote: kifungu cha 109 kinamzuia askari wa akiba wa majeshi ya taifa, na National Guard wamo.

Ukiwa ulishatumikia jeshi, tafuta fomu ya DD 214, hati ya kuachishwa jeshini, nakala ya Member-4. Nakala fupi, Member-1, haionyeshi aina ya kuachishwa kwako, na hilo ndilo mwandikishaji analolitafuta. Kama una kosa la zamani mahakamani, liandike lote pamoja na hukumu yake. Uchunguzi wa rekodi utalifichua, na uongo kwenye fomu ni mzito kuliko makosa mengi madogo ya miaka iliyopita.

Wakati maombi yakishughulikiwa, usikae bure. Jisajili upate namba ya mwanafunzi ya FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, mara moja tu, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako. Anza na kozi za mtandaoni IS-100 na IS-700, kisha IS-200 na IS-800. Ni bure, na mtihani hufaulu kwa asilimia 75. Zinafundisha mfumo wa amri unaotumiwa na zimamoto, polisi na hospitali wakati wa dharura. Askari asiyeujua hafahamu aripoti kwa nani anapofika eneo la mafuriko, na hapo anageuka mzigo kwa wenzake. Ongeza huduma ya kwanza na kufufua moyo uliosimama (CPR). Cheti chake kwa kawaida hudumu miaka 2.

Sasa fedha. Mazoezi kwa kawaida ni wikiendi moja kwa mwezi, na katika majimbo mengi hayalipwi. Malipo huja gavana anapokiita kikosi kazini. Sare mara nyingi unajinunulia. Subiri barua ya kukubaliwa na orodha rasmi ya mavazi, kwa sababu utepe wa kifuani hubeba jina la kikosi cha jimbo badala ya jeshi la taifa, na alama hutofautiana. Buti peke yake ndiyo ya kuharakisha mara orodha ikifika: zivae nyumbani saa moja kila siku, kisha utembee nazo kilomita 3 hadi 5, kwa wiki 3. Buti mpya siku ya kwanza ya mafunzo huleta malengelenge ifikapo mchana, na kuruta anayechechemea huondolewa kwenye zoezi.

Zungumza na mwajiri wako mapema. Usidhani kinga ya kazi waliyo nayo askari wa National Guard ni yako pia. Inategemea sheria ya jimbo, kwa hiyo omba kikosi kikuonyeshe kifungu kinachohusika kwa maandishi.

Mwisho, andaa begi la saa 72: chakula kisichohitaji kupikwa, maji lita 4 kwa siku, soksi jozi 4, koti la mvua, tochi ya kichwani na betri za akiba, dawa zako, na nakala za vyeti ndani ya mfuko usioingiza maji.