Jinsi ya Kukokotoa Gharama za Baa kwa Siku

Mwenye baa anayesubiri mwisho wa mwezi ili ajue kama amepata faida huwa amechelewa, kwa sababu bia huuzwa kila siku na fedha ya wakala hutakiwa kila mzigo unapoletwa. Kwa hiyo gawanya kila gharama mpaka ifike kwenye siku moja, kisha igeuze iwe idadi ya chupa.

Chukua mfano wa baa ya mtaani jijini Dar es Salaam, kwa bei za kukadiria. Pango la shilingi 600,000 kwa mwezi wa siku 30 ni 20,000 kwa siku, hata kama mwenye nyumba alilipwa miezi sita kwa mkupuo. Mishahara ya wafanyakazi watano, jumla 900,000, ni 30,000 kwa siku, nawe uongeze 3,000 za mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ulinzi, maji na usafi tuviwekee 10,000. Leseni ya vileo na ada nyingine zikifika 1,440,000 kwa mwaka, yaani miezi 12 ya siku 30, hizo ni 4,000 kwa siku. Majokofu mawili ya jumla ya 3,600,000 yanayotarajiwa kudumu miaka mitano yanakula 2,000 kila siku, nazo zitengwe kweli, maana jokofu likifa Ijumaa jioni halingoji utafute mkopo.

Umeme ndio watu wengi hukisia, na hukisia vibaya. Soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, saa kumi na mbili jioni, usome tena kesho yake saa ileile; chukua uniti za kwanza, jumlisha ulizoongeza katikati, kisha utoe zilizobaki, upate zilizotumika. Fanya hivyo wiki nzima, kwa kuwa jokofu linalofunguliwa mara kwa mara Jumamosi hula zaidi kuliko la Jumatatu. Tuseme wastani, ukiuzidisha kwa bei ya uniti, umekuja shilingi 15,000 kwa siku.

Jumla ni shilingi 84,000. Sasa kreti ya chupa 25 ikinunuliwa kwa 40,000, kila chupa imekugharimu 1,600. Ukiiuza 2,000 inakuachia 400. Gawanya 84,000 kwa 400, utapata chupa 210, yaani kreti nane na chupa kumi, kabla hujapata hata shilingi moja ya kwako wala kufikiria kodi ya mapato.

Hapo ndipo uzito wa shoti, yaani upungufu wa bia au fedha kaunta, unapoonekana. Chupa moja iliyopotea kaunta hulipwa na faida ya chupa nne zilizouzwa. Hesabu stoo na majokofu kila asubuhi mbele ya mhudumu wa kaunta, na uandike pia bia unazokunywa mwenyewe na unazowapa marafiki, kwani nazo ni gharama. Fedha uliyotoa kwa kreti na chupa tupu ulipoanza ni mtaji, lakini chupa inayovunjika iingie kwenye gharama za siku hiyo.

Kama jiko la nyama choma umelikodisha, punguza kodi yake kwenye 84,000: likikuingizia 10,000 kwa siku, chupa zinazohitajika zinashuka hadi 185. Mwezi wa Ramadhani rudia hesabu hii upya, kwa kuwa wateja hupungua ilhali pango na mishahara hubaki palepale, na pengo hilo inafaa uanze kuliwekea akiba miezi miwili kabla.