Namna ya Kuchagua Boti ya Alumini ya Kuvulia: Mwongozo wa Fundi wa Moshi

Mimi nilianza na madirisha. Kazi yangu hapa Pasua ilikuwa kukata fremu za alumini za nyumba za watu, mpaka siku mvuvi mmoja wa Lang'ata, kijiji cha wavuvi kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, alipoleta boti yake juu ya Fuso na kuniuliza kama naweza kuziba tobo. Nikamjibu naweza. Sikuweza. Tobo nililoziba lilirudi baada ya wiki mbili, safari hii likiwa na wadogo zake watatu. Nilimrudishia hela yake, nikaanza kujifunza upya. Siku hizi watu hunichukua kwenda kukagua boti kabla hawajalipa, na huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Yajue maji yako kwanza

Bwawa la Nyumba ya Mungu si Ziwa Jipe, na Jipe si Ziwa Chala. Nyumba ya Mungu inapokea maji ya Kikuletwa na Ruvu, na kwa kuwa ni bwawa la umeme, maji yake hupanda na kushuka. Kiangazi ukingo unakimbia, unabaki na tope la kukokotea boti. Alfajiri maji yametulia kabisa. Mchana upepo ukiamka, yanakuja mawimbi mafupi yanayofuatana. Jipe ina kina kifupi na matete mengi, propela inakula majani mpaka inachoka. Chala imo ndani ya shimo la volkano, na kuta zake ni mwinuko mkali. Boti nzito utaishia kuitazama ikiwa juu huku maji yako chini.

Basi kabla ya kuuliza bei, jibu haya: utashushia wapi, mtakuwa wangapi wa kuibeba, na usiku italala wapi. Mtu wa Arusha anayetaka boti ya kuzungukia Ziwa Duluti Jumapili hana haja ya boti ya mvuvi wa kambini.

Hatua ya 2: Hesabu mzigo

Wamarekani wana kanuni ya haraka kwa boti fupi zisizozidi futi 20: zidisha urefu kwa upana kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Unapata idadi ya watu kwa hali ya hewa nzuri. Kwa sisi wa mita, zidisha urefu kwa upana halafu gawanya kwa 1.4. Boti ya mita 4.2 kwa 1.5 inatoa 4.5, yaani watu 4. Nusu mtu habebwi.

Ila kanuni hiyo inamhesabu mtu kuwa na kilo 68 hivi, na haijui chochote kuhusu nyavu zilizolowa, kreti za perege na barafu. Kwangu mimi boti hiyo ni ya wavuvi wawili na mzigo wao. Akiongezeka wa tatu, kreti zipungue.

Hatua ya 3: Tumbo la boti

Tumbo bapa linatulia mkiwa mmesimama kuvuta nyavu, linapita kwenye maji machache, na linasukumika na injini ndogo. Ubaya wake ni kupigapiga wimbi likija, mpaka meno yagongane. Tumbo la V linakata wimbi vizuri lakini linazama zaidi, na mkisimama upande mmoja linalala.

Kwa Nyumba ya Mungu mimi huwaambia watu wachukue tumbo bapa lenye omo (pua ya boti) iliyoinuka na V kidogo kwa mbele. Muuzaji atakusifia V kali kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Mwache aisifie.

Hatua ya 4: Uliza hiyo ni alumini gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipojikwaa. Alumini ya madirisha, kwa kawaida ile ya namba 6063, imetengenezwa ikae ukutani. Haikutengenezwa kwa ajili ya kukunjwa na mawimbi kila siku. Shiti za boti ni za kundi la 5000, hasa 5052, 5083 na 5086, ambazo zimechanganywa na magnesi ili zistahimili maji. Kwa mataruma (mbavu za ndani) na mikuku (uti wa chini wa boti) utakuta 6061. Shiti mpya huwa imepigwa chapa ya namba yake, kwa mfano 5083-H116. Kama boti inatengenezwa, nenda uione shiti kabla haijakatwa. Fundi akikwambia "alumini ni alumini", shukuru kwa chai uondoke.

Unene upime kwa venia, kile kipimo cha kubana, pale penye ukingo wazi. Chini ya milimita 2 ni boti ya kupumzikia. Kwa kazi ya kila siku kwenye mawe na mchanga nataka milimita 3 tumboni, na ubavuni hata 2 inatosha. Shiti ya milimita 3 ina kilo 8 hivi kwa mita moja ya mraba. Chuma cha unene huo kingekuwa na kilo zaidi ya 23. Ndiyo maana watu wazima wanne wanaweza kuitoa boti kwenye tope bila kuita trekta.

Hatua ya 5: Viungo: riveti au kuchomelea?

Boti ya riveti, yaani iliyounganishwa kwa pini za kugongewa, ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini mtikisiko wa injini huzilegeza riveti moja moja. Ya kuchomelewa ni imara zaidi. Tatizo lake ni fundi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, lakini ngozi nyembamba iliyo juu yake haiyeyuki mpaka ipite 2,000. Ngozi hiyo isipoondolewa, unapata mchomo mzuri wa macho ambao haujashika chochote. Inatakiwa brashi ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, gesi ya agoni, na mashine inayofaa. Mashine ya kuchomelea mageti haiwezi, hata ukiibembeleza.

Kwa hiyo usishangae nikisema hivi mimi ninayeishi kwa kuchomelea: kama utavulia mahali ambapo agoni haifiki, boti ya riveti inaweza kukufaa zaidi. Riveti iliyolegea inakazwa na watu wawili, nyundo moja na kipande cha chuma kizito.

Mchomo kagua hivi. Paka maji ya chaki upande wa ndani, acha yakauke. Kwa nje pitisha kitambaa chenye mafuta ya taa juu ya mchomo. Kaa dakika 20 hivi, kunywa chai. Penye ufa, chaki italoa na kuchora mstari. Ukimaliza futa mafuta yote, maana mchomo haushiki penye mafuta.

Hatua ya 6: Tezi, injini na ubao wa kijani

Tezini, pale injini inaponing'inia, mara nyingi kuna ubao uliofunikwa na alumini. Ugonge kwa mpini wa bisibisi. Ukisikia sauti ya kina kama ya boga bovu, ubao umeoza.

Nisikilize hapa, kwa sababu ujinga huu niliufanya mimi. Boti moja niliibadilishia ubao, nikaona niweke mbao iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani ya nguzo, ili isioze. Haikuoza. Ila dawa ile ina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Mwenye boti alirudi tezi ikiwa na vitobo kama vya sindano na unga mweupe pembeni. Tumia plaiwudi ya baharini au mbao ngumu isiyo na dawa, uifunge vizuri kwa rangi. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke misumari ya shaba wala bomba la shaba, usipake rangi ya kuzuia magugu yenye shaba, na sarafu zako usiziache zidondokee ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti.

Urefu wa injini uendane na tezi: fupi ni sentimita 38 hivi, ndefu 51. Bapa lililo juu ya propela liwe sawa na tumbo la boti au chini yake kidogo. Ukiweka betri, waya hasi urudi kwenye betri yenyewe. Usitumie bodi ya boti kama tunavyofanya kwenye magari, umeme unaovuja huila alumini kimya kimya. Kama utafunga kipande cha kujitolea kuliwa badala ya boti, kwa maji baridi kiwe cha magnesi. Zinki ni ya baharini.

Hatua ya 7: Kwa boti iliyokwisha kutumika, geuza mambo

Watu hushusha boti majini na kutazama kama maji yanaingia. Mimi huiweka juu ya trela au magogo, naziba kizibo, namimina maji ndani hadi sentimita 20, halafu nalala chini yake na chaki. Kila tone nalizungushia duara. Tegemeza tumbo vizuri, maana maji ni mazito. Maduara mawili matatu ni ya kujadiliana bei. Yakiwa mstari mzima kwenye mkuku, rudini nyumbani.

Chini ya viti kuna povu gumu la kuifanya boti ielee ikijaa maji. Boti kuukuu povu lake hunywa maji, na boti ya kilo 100 inakuwa na mzigo usiouona. Inyanyue na wenzako. Ikiwa nzito kuliko mlivyotarajia, fungua kiti kimoja ubonyeze povu kwa kidole.

Hatua ya 8: Karatasi, na joto

Boti isajiliwe, na wewe uwe na leseni ya uvuvi. Anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako. Muulize pia kuhusu kufungwa kwa bwawa, kwa sababu Nyumba ya Mungu imeshawahi kufungwa ili samaki wazaane. Kununua boti wiki moja kabla ya tangazo si jambo unalotaka kumweleza mama watoto.

Halafu paka viti rangi nyeupe. Saa nane mchana kiti cha alumini kitupu hakikaliki. Tandika mpira sakafuni, maana kreti ikidondoka juu ya alumini hata kiboko wa ng'ambo anajua mmefika, na viboko wa bwawa lile, pamoja na mamba, si wa kuamshwa. Makoti ya kuokolea yawe sawa na idadi ya watu, pamoja na makasia mawili hata kama injini ni mpya.

Siku ya kwanza shusha alfajiri, zungukia karibu na ukingo kwa nusu saa, kisha ivute nje uangalie kwa ndani, usawa wa maduara yako ya chaki, kama pamekaa kavu.