Somo: Wali wa nazi na mtoto wa miaka 3 hadi 6

Somo hili ni la chakula kimoja tu. Ndani ya wali wa nazi mna kuhesabu, kupima, kusubiri, kutaja vitu kwa majina yake na kuvitia nguvu vidole, na Amu (Lamu) wali huu unapikwa hata kama hakuna somo. Hakuna cha kununua. Kinachotakiwa ni mtoto apewe kipande cha kazi ambacho kisipofanywa wali hauivi. Watoto wanajua kazi na wanajua kuzugwa. Mpe sufuria tupu "apike na yeye", na baada ya dakika mbili atakuwa ameushika mguu wako akitaka mwiko wa kweli.

Ikiwa mnakula baada ya adhuhuri, anza saa nne na nusu hivi, mtoto akiwa ameshapata chai na kitu tumboni. Mwenye njaa hachambui mchele, anautafuna. Kazi moja isizidi dakika 10 au 15. Akiinuka akaenda zake, mwache. Akirudi, nafasi yake ipo.

Vitu: mchele vikombe 2, nazi kubwa 1, maji vuguvugu vikombe 3½, chumvi kijiko cha chai 1½, pojo (choroko) 10, sinia, bakuli 2, kifumbu (kikapu kidogo cha kukamulia tui), na kitambaa cha kupangusia ambacho ni cha mtoto. Kikombe kiwe kile kile tangu mwanzo hadi mwisho. Tandika mkeka mkae chini, kwa sababu mtoto aliyesimama juu ya kiti anashughulika na kutoanguka kuliko na mchele.

Hatua ya 1: Kupima

Mtoto achote mwenyewe. Mwonyeshe kikombe cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kidole, na kikombe cha tele, chenye kilele. Wazee walipima nafaka kwa tofauti hiyo hiyo: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, na muuzaji na mnunuzi kila mmoja akijua kama bei ni ya mfuto au ya tele. Leo tunapima mfuto.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na ndipo wengi tunapoipoteza. Usihesabu "moja, mbili" peke yake. Taja na kitu: kikombe kimoja, vikombe viwili. Kijiko kimoja, vijiko vitatu. Jiwe moja, mawe mawili. Kiswahili kinabadilisha hesabu kufuata kitu, na mtoto hulishika hilo kwa kulisikia likiwa na kitu mkononi. Kisha kuna tarakimu ambazo hazibadiliki: vikombe vitano, lakini vikombe sita, vikombe saba, halafu vikombe vinane, tena vikombe tisa, vikombe kumi. Akisema "vikombe mbili", usimkatize na usimcheke. Jibu tu, "Naam, vikombe viwili, tia kwenye sinia." Amesikia, na kazi haikusimama.

Hatua ya 2: Kuchambua

Mchele wa siku hizi ni safi mno, hauna chuya wala vijiwe vya kutosha kumshughulisha mtoto. Ndiyo maana ya zile pojo 10. Zihesabu mbele yake, zichanganye na mchele, utandaze sinia nzima. Kazi yake ni kuzitoa zote kwa kidole gumba na cha shahada na kuzitia bakulini. Mkamato huo ndio utakaoshika kalamu baadaye, na pojo ni mwalimu mzuri wa mkamato kuliko daftari.

Zikiwa bakulini, mhesabu tena. Zikiwa tisa, msiendelee. Itafuteni ya kumi mchelini, chini ya mkeka, na pia puani mwa mtoto. Hili si mzaha: watoto wa umri huu hutia mbegu puani na masikioni, na pojo ikipata unyevu huvimba. Ukiiona imeingia, usichokoe kwa kijiti wala pini, mpeleke zahanati.

Baada ya hapo, osha mchele mara mbili au tatu, uroweke nusu saa. Maji ya kuoshea mtoto ayabebe kumwagia mti. Asibebe ndoo, kibakuli kinamtosha, na ndoo yenye maji isibaki wazi jikoni kama kuna mtoto mdogo zaidi anayetambaa.

Hatua ya 3: Nazi

Kabla ya kuvunja, mpe aitikise karibu na sikio. Nazi nzuri inasikika maji. Isiyosikika huenda imekauka au imeharibika. Kisha mwonyeshe macho matatu, aguse moja moja: mawili ni magumu, moja ni laini, na hapo ndipo mche ungetokea kama nazi ingepandwa. Mwulize, "Maji yaliyomo yatajaza kikombe?" Mwache abahatishe, ndipo uvunje na mkinge maji mpime. Kubahatisha kwanza ndiko kunakomfanya aangalie kikombe kwa hamu.

Kuvunja ni kwako, kwa mgongo wa panga, ukiizungusha nazi na kuigonga katikati. Kukuna pia ni kwako. Meno ya mbuzi ya kukunia hayamwangalii mtoto, na mtoto wa chini ya miaka 6 asikalie mbuzi hata ukimshika mikono. Yeye ashike sahani chini inapoanguka nazi, aseme ikijaa. Vipande vigumu vya nazi usimpe atafune akiwa chini ya miaka 4, vinaweza kumkaba.

Hatua ya 4: Kukamua tui

Hii ndiyo hatua ya mtoto hasa. Tia nazi iliyokunwa bakulini, mimina maji vuguvugu kikombe 1, na mikono miwili iliyooshwa iingie. Afinye, aachie, afinye, kama dakika tatu. Maji yasiwe baridi: mafuta ya nazi huganda kwenye ubaridi, na tui litatoka kama maji ya kuoshea vyombo. Yasiwe ya moto pia. Pima kwa kifundo chako kabla ya mkono wake.

Mimina kwenye kifumbu, mkamue pamoja, mkono wako juu ya wake. Hilo ni tui zito, liweke kando. Rudisha machicha bakulini, tia maji vikombe 2½, mkamue tena. Hilo ni tui jepesi. Toa kijiko kimoja kimoja cha kila tui kwenye vikombe viwili vya kioo, mtoto atazame, aonje, aseme. Hapa maneno yanakuja yenyewe: zito, jepesi, jeupe, linateleza, linanata. Usimhoji kama mtihani, "Hili ni nini? Na hili ni nini?" Wewe sema unachokiona, unyamaze kidogo, na yeye atasema chake.

Hatua ya 5: Moto

Chora mstari wa chaki sakafuni, kama hatua tatu za mtu mzima kutoka jikoni, na mtoto abaki nyuma yake. Mstari usibadilike siku kwa siku. Ukipikia makaa, jiko liwe uani au penye upepo, si chumbani palipofungwa.

Chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele. Maji yakikaribia kukauka, mimina tui zito, geuza mara moja kwa upole, funika, punguza moto au palia makaa juu. Dakika 15 hadi 20. Mtoto kazi yake ni kusubiri, nayo ni kazi ngumu kuliko zote. Hapo panafaa vitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa, mwambie akupe mji, kisha mwambie jibu ni yai, na umwachie atunge chake hata kama hakina kichwa wala miguu.

Wali ukitoka bokoboko, sababu kwa kawaida ni maji kuzidi kipimo cha mchele. Mwambie mtoto hivyo hivyo. Hiyo ndiyo hesabu aliyoiona ikiliwa.

Hatua ya 6: Kutandika

Aseme walaji ni wangapi, alete vijiko kwa idadi hiyo. Kikipungua kimoja, usimwambie. Ataona mwenyewe nani hana.

MASWALI YA WAZAZI NA WALEZI

Mama wa Langoni: Wangu ana miaka 4, anahesabu mpaka 20 bila kukosea. Lakini akimaliza kuhesabu pojo nikamwuliza "ni ngapi?" anaanza tena moja, mbili. Ana shida?

Jibu: Hana. Anaijua hesabu kama wimbo. Bado hajajua kwamba neno la mwisho ndilo jumla. Rudi kwenye vitu 3, si 20. Hesabu wewe, "kijiko kimoja, viwili, vitatu," kisha zungusha mkono juu ya vyote useme, "vijiko vitatu." Halafu mgeuzie: "Niletee vijiko vitatu." Akileta vitatu na kusimama, amefika; panda hadi 4, kisha 5. Tazama pia kidole chake. Kikigusa pojo moja mara mbili, azisogeze upande wa pili anapohesabu badala ya kuzigusa tu.

Baba wa mapacha, Shela: Wana miaka 3. Kila hatua ni vita.

Jibu: Bakuli mbili, pojo tano tano. Kwenye nazi hamwezi kuwa na mbili, basi mmoja ashike sahani, mwingine akinge maji, na mbadilishane wali wa siku nyingine, si katikati ya kazi. Zamu za dakika hazieleweki kwa umri huo. Zamu za kazi zinaeleweka.

Mlezi wa Matondoni: Nyumbani twasema mai, mato, ndia (maji, macho, njia). Mwalimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) asema mtoto ana makosa. Niwate (niache) Kiamu?

Jibu: Usiwate. Kiamu ni lahaja kamili, si Sanifu iliyokosewa, na mtoto anazimudu zote mbili akizisikia kwa watu tofauti. Nyumbani nazi ina mato matatu, shuleni ina macho matatu, na mnaweza kuufanya mchezo: "Mwalimu wako huliitaje hili?" Ila mwalimu naye aelezwe kwa upole, maana mtoto akiona neno la bibi yake linaitwa kosa ataanza kunyamaza darasani.

Bibi wa Mkomani: Asalaam alaykum. Mjukuu wangu ni mwanamume. Mbona mwamfunza jikoni?

Jibu: Waalaykum salaam, shikamoo bibi. Jahazini anayepika ni mwanamume, na sufuria za biriani ya harusi nani huzisimamia? Hata hivyo shabaha hapa ni hesabu na ulimi, si upishi. Akienda na babu yake ufukweni, kazi ni nyingine, somo ni lile lile: achomeke kijiti ukingoni mwa maji, arudi baadaye aone yamepwa au yamejaa. Kesho yake, maji yatafika pale pale yakiwa yamechelewa kwa dakika 50 hivi. Watazame pia mwezi: mwandamo na mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana; nusu mwezi huleta maji mafu, yaani kujaa na kupwa kidogo.

Mzazi wa Malindi: Narudi kazini magharibi, tui ni la pakiti, nina dakika 15. Hili somo si langu.

Jibu: Chukua hatua moja tu, kwa mfano kupima mchele na kutandika vijiko. Au acha chakula kabisa, mwanue nguo: mtoto atafute jozi za soksi, atenge kubwa na ndogo, ahesabu vibanio akivitia koponi. Kila siku hatua ile ile kwa wiki nzima ni bora kuliko wali mzima mara moja kwa mwezi.

Shangazi wa Mokowe: Na wa mwaka mmoja na nusu?

Jibu: Pojo hapana, nazi mbichi hapana. Mpe vikombe viwili vya plastiki na maji kidogo ndani ya beseni, kaa naye bila kuondoka, amimine huku na huku. Ukimaliza, mwaga maji yote papo hapo.